MWALIMU MBALI, MWENZAKO KARIBU

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya ghala na panya. Panya watangoje. Nimepata barua ambayo haiwezi kungoja. Imeandikwa kwa mkono, kurasa mbili, na kijana wa miaka 19 kutoka bonde la Kilombero. Yeye ni mkulima wa mpunga. Ameomba nisitaje jina lake. Anasema hivi:

"Mzee wetu wa ukurasa huu, shikamoo. Mimi hapa kijijini najifunza judo kwa simu. Mwalimu yuko nchi ya mbali. Sijamwona, naye hanijui. Kila jioni natazama somo lake, halafu najaribu peke yangu nyuma ya nyumba. Nimefanya hivyo miezi mitano. Mwezi uliopita nilimwomba rafiki yangu anisaidie. Tulikuwa kwenye uwanja wa kupuria mpunga. Nilimkata mguu kwa nyuma kama mwalimu anavyofanya. Akaanguka kama wanavyoanguka kwenye simu, lakini kisogo chake kiligonga chini. Alilala kimya. Alipozinduka hakujua ni siku gani. Alitapika. Tulimpeleka kituo cha afya kwa baiskeli, akalazwa siku tatu. Sasa amepona, lakini mama yake amesema nisikanyage kwake. Vijana wenzangu wananiogopa. Mzee, je, judo haiwezi kujifunzwa kwa mbali? Niache? Na kama nisiache, nitampata wapi mtu wa kufanya naye mazoezi?"

Marahaba, mwanangu. Umeandika ukweli wote, hata ule unaokuumiza. Nitakujibu wewe, na wasomaji wengine watasikia.

KWANZA, NENDA KWA MAMA HUYO

Kabla ya judo, kuna jambo la utu. Nenda nyumbani kwa rafiki yako. Usiende peke yako. Nenda na mzazi wako, au mzee ambaye nyumba zote mbili zinamheshimu. Usianze na maelezo ya judo. Anza na pole. Sema umekosa. Kama kuna gharama za matibabu, changia unachoweza, hata kama ni debe la mpunga. Usiombe rafiki yako arudi mazoezini. Huyo asirudi mpaka mganga aseme amepona kabisa, maana kichwa kilichotikiswa mara moja kikitikiswa tena upesi kinaweza kuleta kifo.

Nawaambia na wasomaji wengine: mtu akianguka kwa kichwa, akazimia, akatapika, akasahau mambo, akasinzia ovyo au akasikia ganzi miguuni, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Asikalishwe kwa nguvu. Asivutwe shingo. Na akiwa anaumwa shingo, baiskeli si chombo cha kumbeba. Alazwe chali juu ya kitu kigumu kilichonyooka, kama ubao au mlango. Mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wambebe.

JE, MTU ANAWEZA KUJIFUNZA KWA MBALI?

Jibu langu ni ndiyo, lakini nusu tu. Nitaeleza.

Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo nchi yetu ilikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Mwalimu alikuwa mbali, alisema katika redio. Lakini watu hawakusikiliza kila mtu peke yake. Walikaa katika vikundi, chini ya mwembe au darasani. Walisikiliza pamoja, wakasoma kitabu pamoja, wakajadiliana. Kisha walichukua majembe. Watu karibu milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa na nyasi zikafyekwa. Redio yenyewe haikuchimba choo hata kimoja. Waliochimba ni wenzako waliokuwa karibu nawe.

Judo ni hivyo hivyo. Mwalimu wa mbali anaweza kukuonyesha mguu uwekwe wapi. Anaweza kukufundisha majina, taratibu, mazoezi ya nguvu na heshima ya mchezo. Hayo ni mengi, usiyadharau. Lakini mwalimu wa kwenye simu haoni goti lako likipinda vibaya. Hawezi kukuambia "simama!" wakati rafiki yako anaanguka kwa kisogo. Na hawezi kukupa uzito wa mtu. Uzito wa mtu unajulikana kwa kumshika mtu.

MTU ALIYEANZISHA JUDO ALIFANYA NINI?

Judo ilianzishwa na Mjapani aliyeitwa Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa kijana mdogo wa mwili, na shuleni wakubwa walimwonea. Alisikia kwamba kuna mieleka ya zamani, iitwayo jujutsu, ambayo humwezesha mdogo kumwangusha mkubwa. Akatamani kujifunza. Lakini siku zile Japani ilikuwa inageukia mambo mapya, na walimu wa jujutsu walikuwa wachache. Kila aliyemwuliza hakumsaidia.

Basi Kano akafikiri. Alijua kwamba wengi wa watu waliounga mifupa iliyovunjika walikuwa wamejifunza jujutsu. Akaenda kuwauliza waunga mifupa. Mmoja akamwelekeza kwa mwalimu aitwaye Fukuda Hachinosuke. Hiyo ilikuwa mwaka 1877, Kano akiwa na miaka 17. Ona, ndugu: hakukaa nyumbani akilalamika kwamba hakuna mwalimu. Alijiuliza, "Nani anaweza kumjua anayejua?"

Siku moja Kano alimwuliza Fukuda namna ya kutupa inavyofanywa. Fukuda hakueleza. Alimtupa. Kano akauliza tena, akatupwa tena. Mwalimu alitaka ajue kwamba jambo hilo huingia kwa mwili, kwa kurudia mara nyingi.

Kuna habari nyingine inayokuhusu wewe zaidi. Katika chuo kile alikuwako mtu mmoja mzito, Fukushima Kanekichi. Kano hakuweza kumwangusha. Alijaribu mbinu za sumo, ile mieleka ya Wajapani wanene, ikashindikana. Ndipo akatafuta katika vitabu vya mieleka ya Wazungu. Humo akaona namna ya kumwinua mtu begani kama gunia na kumzungusha chini. Akaipeleka kwenye mazoezi, akaijaribu, na Fukushima akaanguka. Mpaka leo namna hiyo imo katika judo.

Kwa hiyo hata mwanzilishi wa judo alijifunza kitu kwa mbali. Alikitoa kitabuni, kwa watu ambao hakuwaona kamwe. Lakini alikuwa tayari anajua kuanguka, na alikuwa na wenzake ambao nao walijua kuanguka. Hapo ndipo wewe ulipokosea, mwanangu. Ulichukua somo la mbali, ukalitia kwa mtu ambaye hajafundishwa kitu.

Kano alifungua chuo chake mwaka 1882, katika hekalu mjini Tokyo. Alikuwa na wanafunzi 9 na mikeka 12. Mahali pale palikuwa kama meta 4 kwa 5, yaani chumba cha kawaida. Judo ya dunia nzima ilianza na watu wanaojaa chumba kimoja. Mwaka 1964 iliingia katika Michezo ya Olimpiki.

Katika mafundisho yake Kano aliweka neno moja kubwa: wewe na mwenzako mfaidike pamoja. Yaani mwenzako anakupa mwili wake ujifunzie. Ukimrudisha nyumbani ameumia, umeharibu ulichoazima.

KUANGUKA KWANZA, KUTUPA BAADAYE

Msidhani namtisha kijana huyu bure. Huko Japani kwenyewe, tangu mwaka 1983, wanafunzi zaidi ya 100 wamekufa kutokana na judo ya shuleni. Wengi waliumia kichwa, na wengi walikuwa wapya. Nao walikuwa na mwalimu, na walikuwa na mikeka. Wazazi waliofiwa wakapaza sauti. Walimu wakaanza kuangalia vichwa vya watoto kwa makini, na vifo vikapungua sana. Kumkata mtu mguu kwa nyuma ni moja ya mbinu zinazowaumiza wapya zaidi, kwa sababu anayetupwa huenda kinyumenyume na haoni aendako.

Basi fanyeni hivi. Wiki nane za kwanza msitupane kabisa. Jifunzeni kuanguka:

1. Lala chali. Kidevu kiguse kifua. Tazama mkanda wako wa suruali. Kisogo kisiguse chini hata kidogo. Kaa hivyo ukihesabu mpaka 10.

2. Ukiwa umelala hivyo, piga chini kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini. Mikono iwe mbali kidogo na mbavu, isipande juu ya mabega. Toa pumzi unapopiga. Mkono unapopiga, unapunguza kishindo cha mgongo.

3. Chuchumaa. Jiachie nyuma polepole, mgongo ukiwa mviringo kama chungu. Kidevu kifuani. Piga mikono.

4. Fanya vivyo hivyo kwa ubavu wa kulia, kisha wa kushoto.

5. Ukizoea, anza ukiwa umesimama na magoti yamekunjwa. Usijitegemeze kwa kiganja nyuma yako. Ndivyo mkono unavyovunjika.

Mtu akiweza kuanguka mara 20 bila kisogo kugusa chini, na mwenzake akishuhudia, hapo amefaulu darasa la kwanza.

Wakati huo huo mnaweza kucheza mkiwa chini. Mmoja alale chali, mwingine amshikilie asiinuke. Katika mashindano, ukimshikilia mtu chali kwa sekunde 20, umeshinda. Mchezo huu hauna kuanguka, una jasho tu. Unafundisha uzito wa mtu kuliko picha yoyote. Lakini kabari ya shingo na kupinda viungo viacheni mpaka mpate mwalimu wa kusimama mbele yenu.

Na kuna sheria moja ambayo haina mjadala. Anayepiga kiganja mara mbili, juu ya mwenzake au chini, anasema "acha". Unaacha saa ile ile. Humalizii kidogo.

MAHALI

Uwanja wa kupuria mpunga ni mgumu kama saruji. Usiutumie tena. Lakini nyinyi watu wa mpunga mna bahati. Mikeka ya Wajapani wa zamani ilitengenezwa kwa mabua ya mpunga yaliyobanwa sana. Mabua hayo nyinyi mnayachoma moto.

Chagueni mahali palipo sawa. Ondoeni mawe na visiki. Tandazeni mabua makavu na pumba, kimo cha shibiri mbili. Shindilieni kwa miguu. Funikeni kwa turubai, mlivute sana, vigingi viwe mbali na mahali pa kuchezea. Kila siku kabla ya kuanza, mmoja apite juu kwa miguu mitupu akitafuta shimo au kitu kigumu. Mabua yakilowa, yaanikeni. Kitanda hiki kinafaa kwa kujifunza kuanguka. Hakijatosha kwa kutupana kwa nguvu.

KUWATAFUTA WENZAKO

Unasema vijana wanakuogopa. Hofu hiyo ni ya haki. Haitaondoka kwa maneno, itaondoka wakikuona umebadilika. Anza kuanguka peke yako mahali pa wazi, mchana. Watu watacheka. Mwache acheke. Anayecheka leo atauliza kesho.

Huhitaji watu wengi. Wawili wanatosha, watatu ni bora: wawili wafanye, wa tatu atazame. Tafuta mtu wa uzito kama wako. Wapi? Jiulize kama Kano: nani anaweza kumjua anayejua? Waulize wachezaji wa mpira, maana nao hutafuta nguvu za miguu. Waulize vijana wachungaji wanaopigana mieleka machungani. Waulize walimu wa shule, mgambo, na waliopita Jeshi la Kujenga Taifa. Siku ya gulio, watu wa vijiji vingi hukutana. Huenda kijiji cha pili kuna kijana mwingine ambaye naye anaanguka nyuma ya nyumba na anadhani yuko peke yake.

Judo inachezwa Dar es Salaam na Zanzibar. Mwandikie Afisa Michezo wa wilaya yenu, umwulize mwalimu wa karibu ni yupi. Mwambie pia mwenyekiti wa kijiji unachofanya, kabla hajasikia kwa watu kwamba kuna vijana wanajifunza kupigana gizani.

Na sasa kusoma kwako kukufae. Andika tangazo, ulibandike dukani na kwenye ofisi ya kijiji. Waweza kuandika hivi:

TANGAZO
Natafuta wenzangu wa kujifunza judo.
Tutaanza na kuanguka na kushikana chini. Hakuna kutupana mpaka wote tujue kuanguka.
Mahali: uwanja wa shule. Siku: kila Jumamosi saa 10 jioni.
Umri: miaka 18 na zaidi. Aliye chini ya hapo aje na mzazi.
Hakuna ada. Njoo na gunia la pumba.

Tangazo hili ni fupi, lakini kila mstari una kazi. Mstari wa pili unamtuliza yule mama. Mstari wa mzazi unawalinda watoto. Na gunia la pumba linakuonyesha nani amekuja kufanya kazi na nani amekuja kutazama.

Wasichana nao wakaribishwe. Kano alianza kumfundisha mwanamke mwaka 1893, na tangu mwaka 1992 wanawake wanashindania medali za judo katika Olimpiki. Wasichana washikane na wasichana, na awepo mama au dada mkubwa wa kutazama, ili wazazi wawe na amani.

Akija mtu mpya msiyemjua, mpokeeni kwa heshima, lakini mtazameni. Je, anaacha unapopiga kiganja? Je, anamwumiza mdogo ili asifiwe? Mtu wa namna hiyo, hata akijua mengi, mwambieni asante na kwaheri. Heri mwenzako asiyejua kitu na anayekutunza.

SIMU ITUMIKEJE?

Chagueni mwalimu mmoja wa mbali, msichanganye kumi. Changieni pesa mpate somo moja, mlihifadhi kwenye simu, mlitumie mwezi mzima. Litazameni pamoja mara tatu. Kisha zimeni simu. Fanyeni. Yule wa tatu aseme alichokiona. Halafu washeni tena mlinganishe. Mkiweza, mjipige picha mkifanya, mmpelekee mwalimu aone makosa yenu. Mwalimu asiyetaka kuona makosa yenu anatafuta watazamaji tu.

Jihadharini na mtu wa kuuza mikanda. Anayekuuzia mkanda mweusi kwa simu, bila kukuona ukitupa na kutupwa, anakuuzia kitambaa.

Na mwisho, wekeni akiba ya nauli. Baada ya mavuno, mmoja au wawili wenu wasafiri kwa mwalimu wa kweli, wakae siku chache, warudi wawafundishe wengine. Hapo ndipo mtakapoanza kutupana, kwa mkono wa mtu aliyewaona. Msione haya mkiambiwa mrudie kuanguka.

Kwa hiyo, mwanangu, usiache judo, ila acha haraka. Ulianza na jambo la mwisho. Rudi uanze na la kwanza. Na ukishakwenda kwa yule mama, niandikie. Nataka kujua alisema nini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijana huyu alikosea wapi? Angefanya nini kwanza?

2. Mwalimu wa mbali anaweza kufundisha nini? Hawezi kufundisha nini?

3. Katika kijiji chenu, ukitaka kujifunza kazi au mchezo mpya, nani anaweza kumjua anayejua?

4. Kama wewe ungekuwa mama wa rafiki yule, ungetaka kuona nini kabla ya kumruhusu mwanao kurudi mazoezini?

5. Andika tangazo la mistari mitano la kutafuta wenzako wa kujifunza jambo lolote. Msomee jirani yako. Je, amelielewa?